Jay Miner: Mhandisi aliyeacha wayo wa mbwa wake ndani ya tarakilishi

UKIFUNGUA kifuniko cha tarakilishi aina ya Amiga 1000 na kukigeuza, utakuta kwa ndani sahihi za watu wengi zilizochongwa kwenye plastiki. Miongoni mwa sahihi hizo mna alama ya wayo wa mbwa.

Mbwa huyo aliitwa Mitchy. Mwenyewe alikuwa Jay Miner, mhandisi wa Marekani ambaye hadi leo wapenzi wa mashine hiyo humwita baba wa Amiga.

Miner aliaga dunia mnamo Juni 20, 1994, akiwa na umri wa miaka 62. Kampuni ya Commodore, iliyokuwa ikitengeneza na kuuza tarakilishi yake, ilikuwa imetangaza kufunga biashara Aprili 29 mwaka uo huo. Kwa hivyo, mashine na aliyeibuni viliondoka karibu pamoja, vikiachana kwa majuma saba tu na siku chache.

Wahenga walisema chema hakidumu, na lau mambo yangefuata mkondo wa kawaida, huo ungekuwa mwisho wa hadithi. Hata hivyo, zaidi ya miaka 30 baadaye, tarakilishi hizo zingali zinawashwa vyumbani na kwenye karakana ndogo za nyumbani, hasa barani Ulaya na kule Marekani. Wanaozitunza hawakutumwa na kampuni yoyote, na wengi wao hawalipwi hata senti.

Ili kuelewa ni kwa nini watu hao hujitaabisha hivyo, sharti kwanza tumfahamu mhandisi mwenyewe.

Jay Glenn Miner alizaliwa Mei 31, 1932 katika mji wa Prescott, jimbo la Arizona. Familia yake ilihamia kusini mwa California angali mdogo, na huko ndiko alikosomea.

Baada ya shule ya upili alijiunga na kikosi cha walinzi wa pwani cha Marekani. Kikosi hicho kilimpeleka Groton, jimboni Connecticut, alikofunzwa masuala ya elektroniki. Baadaye alihudumu katika bahari ya Atlantiki ya Kaskazini, kwenye doria za kufuatilia hali ya hewa.

Alipomaliza utumishi huo alijiunga na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na kufuzu mnamo 1958 kwa shahada ya uhandisi wa umeme.

Hicho kilikuwa kipindi cha mabadiliko makubwa. Vifaa vilivyokuwa vikijaza meza nzima vilianza kufinywa ndani ya kipande cha silikoni kisichozidi ukucha. Miner aliingia katika kazi hiyo ya kubuni chipu katika miaka ya 1960, na hakuiacha tena maisha yake yote. Mnamo 1973 alikuwa mmoja wa walioanzisha kampuni ya Synertek, iliyotengeneza chipu huko California.

Kutoka Synertek alienda Atari, kampuni iliyokuwa ikivuma kwa michezo ya kielektroniki. Hapo, akishirikiana na kijana Joe Decuir, alibuni chipu iliyochora picha na kutoa sauti katika mashine ya Atari VCS, iliyokuja kujulikana zaidi kama Atari 2600. Mashine hiyo ilianza kuuzwa mwaka wa 1977 na kuingia katika mamilioni ya nyumba.

Kumbukumbu yake ilikuwa baiti 128 pekee, kiasi kisichotosha kuhifadhi hata aya moja ndefu ya makala kama haya. Walioandika michezo ya mashine hiyo walilazimika kuchora picha mstari mmoja baada ya mwingine, kwa kasi iyo hiyo ya runinga.

Kisha Miner akaongoza kazi ya kubuni chipu za tarakilishi za nyumbani za Atari 400 na Atari 800, zilizotoka mwaka wa 1979. Humo ndimo alimokomaza wazo ambalo lingekuwa alama ya kazi yake yote.

Katika tarakilishi nyingi za wakati huo, chipu moja kuu ilibebeshwa kila mzigo. Ilipiga hesabu, ikachora picha, ikatoa sauti na kusoma diski. Ni sawa na mpishi wa harusi aliyeachiwa peke yake kukuna nazi, kuchambua mchele, kukoleza moto na kupakua.

Miner aliona afadhali mpishi apewe wasaidizi. Chipu moja ishughulikie picha, nyingine sauti, nayo chipu kuu ibaki na kazi yake ya kufikiri.

Baada ya hapo alitaka Atari ijenge tarakilishi mpya kwa kutumia chipu ya Motorola 68000, iliyokuwa na nguvu kuliko zote zilizopatikana kwa bei nafuu. Wakubwa wake hawakukubali. Miner akaacha kazi na kwenda katika kampuni ya Zymos, alikobuni chipu za vifaa vinavyopandikizwa mwilini kurekebisha mapigo ya moyo.

Mnamo 1982 alipigiwa simu na Larry Kaplan, aliyekuwa mwenzake kule Atari. Kaplan alikuwa amepata watu wenye fedha waliotaka kuwekeza katika biashara ya michezo ya video. Jambo la kushangaza ni kwamba watu hao walikuwa madaktari wa meno. Walitoa takriban dola milioni 7.

Kampuni iliyoundwa iliitwa Hi-Toro, na baadaye ikabadilishwa jina na kuwa Amiga, neno la Kihispania lenye maana ya rafiki wa kike. Isitoshe, jina hilo lilitangulia Apple na Atari katika orodha ya alfabeti. Kaplan hakukaa sana. David Morse akashika usukani wa biashara, naye Miner akasimamia uhandisi.

Wawekezaji walitaka mashine ya michezo. Miner alitaka tarakilishi kamili yenye 68000 ndani yake, ile aliyonyimwa Atari. Alikubali kuijenga mashine ya michezo, ila akahakikisha kwamba inaweza kupanuliwa ikawa tarakilishi. Soko la michezo ya video lilipoporomoka nchini Marekani mnamo 1983, uamuzi huo ndio uliookoa mradi.

Mitchy alikuwa akija naye kazini kila siku. Alikuwa na kitambulisho chake kama mfanyakazi mwingine yeyote, na alilala karibu na meza ya bwana wake. Wenzake Miner wamesimulia kwamba alikuwa bosi mpole, aliyesikiliza vijana na kuwaachia nafasi ya kujaribu.

Chipu tatu walizobuni zilipewa majina ya Agnus, Denise na Paula. Agnus alipanga foleni ya kuingia na kutoka kwenye kumbukumbu, na kuhamisha vipande vya picha kwa kasi kubwa. Denise aliweka rangi kwenye kiwambo. Paula alitoa sauti kupitia njia nne kwa wakati mmoja na kusimamia diski.

Kabla ya kuwa chipu, Agnus, Denise na Paula walikuwa mrundiko wa bodi zilizounganishwa kwa nyaya nyingi mno, zikijaza meza. Mrundiko huo ulipewa jina la Lorraine, jina la mkewe Morse. Ulipopelekwa kwenye maonyesho ya bidhaa za elektroniki jijini Las Vegas mnamo Januari 1984, wahandisi walihofia kuutia pamoja na mizigo ya kawaida ya ndege. Inasimuliwa kwamba waliukatia tiketi ya abiria kwa jina la Joe Pillow, ukafungiwa mkanda kitini. Jina la abiria huyo asiyekuwepo nalo limo miongoni mwa sahihi zilizo chini ya kifuniko.

Upo mfano mmoja unaoonyesha jinsi kazi ya Miner ilivyokuwa. Alipozuru kampuni iliyounda mitambo ya kufunzia marubani, alivutiwa na picha za mitambo hiyo na kubuni mbinu ya kuonyesha rangi zote 4,096 za Amiga kwenye kiwambo kimoja. Baadaye aliona haina manufaa, akataka iondolewe. Akaelezwa kwamba kuiondoa kungeacha nafasi tupu katikati ya chipu, wala hapakuwa na muda wa kupanga upya mchoro mzima. Basi ikaachwa. Mbinu hiyo ikawa mojawapo ya sifa zilizoiletea Amiga umaarufu, kwa kuwa iliweza kuonyesha picha zinazokaribia za kamera.

Kufikia katikati ya 1984, fedha zilikuwa zimekauka. Amiga ilikuwa imechukua mkopo wa dola 500,000 kutoka kwa Atari, kwa masharti kwamba usipolipwa kufikia mwisho wa Juni, teknolojia yote ingeangukia mikononi mwa Atari. Commodore ikajitokeza dakika za mwisho, mkopo ukalipwa, na kufikia Agosti ikawa imeinunua kampuni nzima.

Miner na wenzake walipata fedha za kukamilisha mashine, lakini kuanzia hapo haikuwa yao tena. Jambo hilo lingekuja kuwaumiza.

Amiga ilizinduliwa Julai 23, 1985 katika ukumbi wa Lincoln Center, New York. Msanii Andy Warhol alipanda jukwaani na kumchora mwimbaji Debbie Harry kwa tarakilishi hiyo mbele ya waalikwa. Bei yake ilikuwa dola 1,295 bila kiwambo. Ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 256, kiasi ambacho leo hakitoshi picha moja ya simu, ilhali iliweza kuendesha programu kadhaa kwa pamoja. Uwezo huo ulitokana na mfumo ulioandikwa na Carl Sassenrath.

Mwaka wa 1987 Commodore ilitoa Amiga 500, iliyokuwa na bei nafuu. Ilipendwa mno Ulaya, hasa Uingereza na Ujerumani. Kizazi kizima cha vijana kilijifunzia humo kuchora, kutunga muziki na kuandika programu.

Kwa Miner, hata hivyo, mambo hayakuwa shwari. Alikuwa amependekeza modeli nyingine yenye uwezo mkubwa zaidi. Commodore haikuitaka. Ofisi ya wahandisi wa awali kule Los Gatos, California, ilifungwa, nao wakatawanyika. Kampuni ikaendelea kuuza chipu zile zile kwa miaka mingi zikiwa na mabadiliko madogo tu, huku wapinzani wakiendelea kupiga hatua. Chipu mpya zenye rangi nyingi zaidi zilitoka mwaka wa 1992, zikiwa zimechelewa.

Miner mwenyewe alirejea kwenye kazi za tiba. Alijiunga na kampuni ya Ventritex na kubuni chipu za vifaa vinavyowekwa mwilini kuushtua moyo uliopoteza mpigo wake.

Yeye pia aliishi kwa msaada wa mitambo. Alikuwa na maradhi ya figo kwa sehemu kubwa ya maisha yake, na alitegemea mashine ya kusafisha damu. Dada yake alimpa figo yake moja. Hatimaye ugonjwa huo ndio uliomwondoa, katika hospitali moja mjini Mountain View, California.

Baada ya kifo chake, mali ya Commodore iliuzwa. Mnamo 1995 ilinunuliwa na kampuni ya Escom ya Ujerumani, nayo ikafilisika. Mwaka wa 1997 haki za Amiga zikaenda kwa Gateway ya Marekani. Kutoka hapo jina, alama na programu viligawanyika mikononi mwa kampuni mbalimbali, zilizoburutana mahakamani kwa miaka mingi.

Wenye haki walipokuwa wakivutana, wenye mashine walikuwa na tatizo jingine. Tarakilishi zenyewe zilianza kufa.

Katika baadhi ya modeli, Commodore iliweka betri ndogo ya kulinda saa na kuichomelea kwenye bodi. Betri hizo huvuja kadiri zinavyozeeka, na maji yake hula njia nyembamba za shaba zinazobeba umeme. Aidha, kapasita ndogo zilizotumiwa katika modeli za miaka ya 1990 huvuja vivyo hivyo. Mashine iliyohifadhiwa darini kwa nia njema huweza kufunguliwa baada ya miaka 20 ikakutwa imeoza.

Ndipo watunzaji walipojifunza kazi. Betri hukatwa na kutupwa. Sehemu iliyoliwa husuguliwa kwa siki ili kuua makali ya uvujaji, kisha husafishwa na kukaushwa. Njia zilizokatika huunganishwa upya kwa uzi wa shaba, chini ya kioo cha kukuza. Kapasita zote hung'olewa na nyingine mpya kulehemewa. Hata plastiki iliyogeuka manjano hupakwa dawa ile ile inayotumiwa kung'arisha nywele, kisha ikaanikwa juani hadi irudie weupe wake.

Chipu ndizo ngumu. Agnus, Denise na Paula hazitengenezwi tena, na kiwanda kilichozitoa kilifungwa zamani. Kila moja inayoungua hupunguza idadi iliyosalia duniani. Kwa sababu hiyo, wapo waliochora upya bodi nzima za Amiga, zikatengenezwa mpya, kisha chipu kutoka kwa mashine zilizokufa zikapandikizwa juu yake.

Wengine walikwenda mbali zaidi. Mnamo 2005 mhandisi wa Uholanzi, Dennis van Weeren, alianza kuziunda upya chipu za Miner kwa kutumia chipu tupu ya kisasa, ambayo mtu anaweza kuipanga ndani ifanye kazi ya chipu nyingine. Alihitaji kuelewa kila tendo la Agnus, Denise na Paula, hadi kwenye mpigo mmoja mmoja wa saa. Mwaka wa 2007 aliutoa mchoro wake bure, na mradi huo, uitwao Minimig, umekuwa msingi wa kazi nyingine nyingi.

Mapema zaidi, mnamo 1995, ilianzishwa programu ya UAE inayoiwezesha tarakilishi ya kawaida kujifanya Amiga. Imeboreshwa na watu wa kujitolea tangu wakati huo. Nayo hazina ya programu iitwayo Aminet, iliyoanzishwa mwaka wa 1992 na wanafunzi nchini Uswisi, ingali wazi kwa yeyote.

Diski nazo zina kilio chao. Diski ya Amiga hubeba kilobaiti 880 kwa nguvu ya sumaku, na sumaku hiyo hufifia. Wahifadhi hutumia vifaa maalumu vinavyonakili mawimbi yenyewe ya sumaku kutoka kwenye diski, badala ya kuzisoma faili tu, ili hata michezo iliyofungwa kwa hila za kuzuia unakili ihifadhiwe jinsi ilivyotoka kiwandani.

Manufaa ya ujuzi huo yalidhihirika mwaka wa 2014. Diski za Andy Warhol zilikuwa zimelala katika jumba lake la makumbusho mjini Pittsburgh. Msanii Cory Arcangel aliomba zichunguzwe, na wanachama wa klabu ya tarakilishi ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon wakapewa kazi hiyo. Walizinakili kwa tahadhari kubwa, kisha wakalazimika kufumbua namna picha zilivyoandikwa, kwa kuwa hakuna programu ya kisasa iliyozitambua. Ndani yake mlikuwa na michoro ya Warhol ya mwaka wa 1985 ambayo umma haukuwa umewahi kuiona. Lau maarifa ya Amiga yangekuwa yamekufa pamoja na Commodore, michoro hiyo ingebaki humo hadi sumaku iishe.

Mwaka uliofuata, 2015, iliripotiwa kwamba shule 19 za umma za Grand Rapids, jimbo la Michigan, zilikuwa zikidhibiti joto na baridi madarasani kwa Amiga moja iliyofungwa katika miaka ya 1980. Programu yake iliandikwa na mwanafunzi wa shule ya upili, na ilipoleta hitilafu ni yeye aliyeitwa, akiwa sasa mtu mzima.

Mfumo wenyewe haujasimama pia. Mnamo 2021 ilitolewa AmigaOS 3.2, toleo jipya linalofanya kazi hata kwenye mashine za asili.

Si kwamba hapana hofu. Wengi walioikulia Amiga sasa ni watu wa makamo au wazee. Mtu anapofariki, mara nyingi jamaa huona kisanduku cha diski zisizo na kazi, wakakitupa. Chipu za akiba nazo zinazidi kuadimika, bei ikipanda. Ndiyo maana watunzaji huhimizana kunakili diski mapema, kuchora bodi na kuandika wanachokijua kabla hakijapotea.

Miner hakuishi kuyaona haya. Alifariki akijua kwamba kampuni iliyomiliki kazi yake imesambaratika. Hata hivyo, jambo moja alilofanya limeondokea kuwa la manufaa kuliko yote: mashine yake iliundwa kwa namna iliyoweza kuelezwa. Utendaji wa chipu zake ulichapishwa vitabuni, watengenezaji programu wakapewa maelezo ya kila sehemu, na kutokana na vitabu hivyo waliokuja baadaye waliweza kuanza kuijenga upya.

Sahihi hizo zimo katika Amiga 1000 peke yake. Nyingi za mashine hizo bado zinafunguliwa, ama kutoa vumbi ama kubadilisha kipuri kilichochoka. Na kila kifuniko kinapowekwa mezani kikiangalia juu, wayo wa Mitchy ungalipo, karibu na jina la bwana wake.